Mhariri Wetu na Maneno ya Kundini

Ukimpelekea habari mhariri wetu, kabla hujafungua mdomo alikuwa anakunyang'anya simu, anailaza kifudifudi mezani, halafu ndipo anasema, "Haya, niambie." Tabia hiyo ilituudhi sana. Habari yote iko ndani ya simu, picha za skrini zimepangwa vizuri, na yeye anataka umsimulie kwa mdomo kama mtu aliyetoka msibani. Ukishindwa kusema aliyeandika yale maneno ni mwanamume au mwanamke, anaishi wapi, alikuwa anatania au amekasirika, anakurudishia simu yako na kuendelea na kazi zake. Wengine tulitoka pale tukilaani kimoyomoyo, na mara moja mimi nililaani kwa sauti, akasikia, akajifanya hajasikia.

Tulikuwa Nyamagana, jijini Mwanza, ghorofa ya pili, juu ya duka la nyavu na kamba za wavuvi, kwa hiyo nguo zetu zilinuka nailoni mpya mwaka mzima. Lilikuwa gazeti dogo la kila wiki, lenye ukurasa wa mtandaoni ambao mwenye gazeti aliupenda kuliko gazeti lenyewe. Mimi nilikuwa dawati la burudani na michezo. Siku hizi dawati hilo maana yake ni kukaa ndani ya makundi ya mashabiki tangu asubuhi hadi jioni: mashabiki wa timu, mashabiki wa wasanii, mashabiki wa tamthilia, watu ambao hawajawahi kuonana na wanagombana kuliko mawifi.

Mhariri alikuwa mfupi, anavaa sweta hata jua linapowaka hadi mawe ya mjini yanachoma, na mkono mmoja wa miwani yake ulikuwa umefungwa kwa uzi wa nyavu kutoka duka la chini. Ndani ya droo yake palikuwa na kalamu nyekundu, daftari, na mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa ambavyo Wasukuma wanavila kama sisi wengine tunavyokula karanga. Alitafuna matobolwa akisoma kazi zetu. Akiacha kutafuna, ujue umekosea.

Sifa hakutoa. Katika miaka sita niliyofanya naye kazi aliwahi kuniambia "inasomeka" mara mbili, na zote mbili nazikumbuka siku na saa.

Kuhusu mashabiki wa mtandaoni alikuwa na maswali matatu, ameyaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake, na kila tulipotaka kunukuu maneno ya mtu kutoka kundini ilibidi tuyajibu. La kwanza, ulipiga hodi? Maana yake, ulipoingia kwenye kundi ulisema jina lako na kazi yako, na msimamizi wa kundi anajua upo? La pili, umemuuliza mwenye maneno? La tatu ndilo lililotutoa jasho: nani atamtambua? Ukimwambia nimeficha jina, anasema jina si kitu, watu wa mtaani kwao wanajua anavyoandika, wanajua utani wake, wanajua hata makosa yake ya herufi. Alitutaka tufikirie mtu mmoja mmoja: mume, mwalimu wa mtoto wake, mchungaji, jirani asiyempenda.

Mwenzetu mmoja wa dawati la michezo alileta habari kwamba mashabiki wa Mwanza wamekasirishwa na kocha. Ushahidi wake ulikuwa maoni manne. Mhariri akamwambia ashuke, akawatafute hao waliokasirika awalete wakiwa na miili. Kijana wa watu alizunguka siku nzima. Kati ya wale wanne, mmoja hakupatikana, mmoja alikuwa anaishi nchi nyingine na hajawahi kufika Mwanza, na wawili waliobaki walikuwa kinyozi mmoja wa karibu na soko, mwenye laini mbili. Mhariri alicheka mpaka akavua miwani. Akaandika kichwa cha habari kwa kalamu nyekundu, "Kinyozi akasirika mara mbili," akakibandika ukutani, na kikakaa pale mpaka karatasi ikageuka njano.

Lakini hakuwa mtu wa kucheka sana. Kulikuwa na binti wa shule aliyejirekodi akilia kwa sababu msanii anayempenda ameoa. Alituma video hiyo kwenye kundi la mashabiki wenzake, ambao bila shaka walikuwa wanalia pia, na kutoka huko ikavuja. Kurasa zote ziliiweka. Mwenye gazeti akapiga simu akiuliza kwa nini sisi hatuna. Mhariri akamjibu, "Kwa sababu yule mtoto alikuwa analia kwao." Alimtafuta mama wa yule binti, akamwambia namna ya kuomba video iondolewe, akakaa naye kwenye simu karibu saa nzima, yeye ambaye mke wake akipiga alikuwa anajibu kwa maneno matatu. Wiki iliyofuata yule mama alikuja na sato mkubwa amefungwa kwenye gazeti, na bahati mbaya halikuwa letu. Mhariri aliyetukataza kupokea hata soda kwa mtu alimtazama yule samaki, akamtazama mama, akapokea kwa mikono miwili. Tulimtania mwezi mzima.

Ndivyo alivyokuwa, huwezi kumkunja akakaa umbo moja. Alitufundisha kuwasalimia watu kikamilifu kabla ya kuwauliza maswali, na yeye mwenyewe asubuhi alipita mbele yetu kama upepo. Alisema hapendi umbea, lakini jambo lolote lililotokea kuanzia Kisesa hadi Magu alilijua kabla yetu. Akikasirika, Kisukuma kilimpanda ulimini na "habari" ikawa "habali," nasi tukainamisha vichwa kuficha vicheko. Zaidi ya yote alijivuna kwamba hana upande. Hakuna aliyejua timu yake, wala chama chake, wala kwaya anayoipenda kanisani. "Upande wangu ni meza hii," alikuwa anasema, akiipiga meza kwa kiganja.

Sasa niseme nililofanya. Nimelizunguka vya kutosha.

Mimi ni Mjita, nimekulia ufukweni Majita, na ngoma za Wasukuma nilikuwa nazijua kwa mbali tu. Nilijua kwamba baada ya mavuno makundi yao yanashindana, Bujora na kwingineko. Kwamba wacheza ngoma wamegawanyika pande mbili tangu enzi za mababu. Kwamba mshindi ni yule anayewavuta watazamaji wengi waje upande wake uwanjani. Binamu yangu aliyeolewa Usukumani aliniingiza kwenye kundi la mtandaoni la mashabiki wa ngoma hizo. Watu zaidi ya mia tatu, wa pande zote mbili, wakisubiri mashindano. Hodi sikupiga. Jina langu niliandika herufi moja tu.

Kundi lile lilikuwa moto. Wiki nzima kabla ya mashindano walikuwa wanarushiana maneno, kwa maandishi na kwa sauti zilizorekodiwa, na aliyewashinda wote alikuwa mwanamke mmoja. Huyu mama simtaji, jina alilotumia kundini ninalificha, na majina ya mahali alikoishi na anakoishi, na la utani analoitwa mtaani, nimeyabadilisha. Mwaka huu nilimwendea kuomba ruhusa ya kuandika haya, akanijibu, "Mwandike yule mzee wa gazeti. Mimi niweke kidogo." Basi namweka kidogo. Alikuwa mjane wa miaka sitini hivi, analima, anaishi upande wa Usagara, na maneno yake yalikuwa na chumvi ambayo sijaisikia kwa mtu mwingine. Siku tatu kabla ya mashindano alimwandikia manju wa upande wa pili, yaani kiongozi na mtunzi wao: "Mguu wako nimeuzika mimi, njia panda. Jumapili utacheza umekaa."

Kesho yake yule manju alianguka na bodaboda, akavunjika mguu.

Niliona habari, nikasahau kila kitu. Niliandika kwamba shabiki amekiri kuuzika mguu wa manju. Niliweka maneno yake kama alivyoyaandika, na picha aliyokuwa ameiweka kwenye wasifu wake. Uso niliufuta vizuri kabisa. Nyuma yake niliacha mlango wa nyumba yake, wa bluu, wenye msalaba mweupe uliochorwa kwa mkono juu yake, kwa sababu ulifanya picha ipendeze.

Kuna jambo jingine. Manju mwenyewe, akiwa kitandani, alimjibu kundini kwa sauti. Alikuwa anacheka. Alisema, "Shangazi, mguu unauma kweli! Ufukue basi!" Na kundi zima likacheka, pande zote mbili, na yule mama akamtumia pole na kumwahidi kuku. Nilisikiliza sauti ile mara mbili. Sikuiweka kwenye habari, kwa kuwa ingeiua. Huko kwetu Kanda ya Ziwa kila mtu anajua mwanamke mzee anayetajwa kwa mambo ya kuzika vitu anafanywa nini. Mimi pia nilijua. Ninaandika hivi kwa aibu, na aibu hiyo haijapungua.

Nilimpelekea mhariri. Safari hii aliichukua simu na kuisoma mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea. Aliacha kutafuna. Alisoma, akarudia, akavua miwani akaufinya ule uzi.

"Umemuuliza?"

"Nimepiga, hapatikani," nikasema. Sikuwa nimepiga.

Alinitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali la tatu, nilikuwa na majibu. Hakuuliza. Akasema tu, "Haya," akaandika alama yake ya kuruhusu pembeni mwa nakala yangu, na mimi nikatoka pale nikidhani nimekomaa. Nilifikiri hatimaye ameniamini.

Habari ilisambaa kuliko yoyote niliyowahi kuandika. Siku ya tatu watu walikwenda kwenye ule mlango wa bluu, mchana kweupe, na mawe na petroli. Majirani wawili walimtorosha mama kupitia shamba la mihogo kabla hawajafika. Nyumba iliungua na kila kilichokuwemo, pamoja na picha pekee ya marehemu mumewe. Manju alirekodi sauti nyingine akiwa na plasta mguuni, akilia, akisema ulikuwa utani, akiwaomba watu waache. Hiyo haikusambazwa na mtu.

Nilitegemea mhariri atanifukuza. Hakunifukuza, hakunigombeza hata kidogo, na hilo lilinitisha zaidi. Aliagiza habari iondolewe ukurasani, lakini ilikuwa imeshanakiliwa kila mahali. Aliandika masahihisho, mwenye gazeti akakataa kuyachapisha, akisema ni kujitia kitanzi. Wakabishana mlango umefungwa. Mwezi haukuisha mhariri akaweka matobolwa yake na daftari kwenye mfuko wa kaki, akatupungia mkono mara moja tu, kama mtu anayefukuza nzi, akaenda kwao njia ya Magu. Mimi niliacha kazi baada yake. Sasa naandika taarifa za hospitali moja, za chanjo na za kuchangia damu, na kila ninapotakiwa kuweka picha ya mgonjwa naangalia kwanza kilicho nyuma yake.

Mwaka na nusu ulipita sijasikia sauti yake. Halafu asubuhi moja akanipigia. Hakusalimia. "Nimempata," akasema. "Yuko kwa binti yake, Mabatini. Nimepitia kwa jirani yake wa zamani, anakubali tuje. Njoo."

Tulikutana stendi. Alikuwa amekonda, sweta linamning'inia. Anayeijua Mabatini anajua zile nyumba zilivyojipandikiza mlimani kati ya mawe makubwa, na njia ni ngazi za kuchongwa ambazo hata vijana wanazilalamikia. Katikati ya mlima alishindwa, akakaa juu ya jiwe. Ziwa lilionekana kwa chini, la kijivu, limejaa magugumaji upande wa gati. Alihema kwa muda, halafu akaanza kuzungumza bila kunitazama.

"Mimi nilikuwamo mle kundini."

Sikuelewa. Nikamuuliza kundi gani.

"Lile lile. Miaka minne. Nina jina langu la kundini. Nilikuwa naimba mle, natukana mle, kama wenzangu. Upande wa yule mama. Nilikuwa wa upande wake tangu nikiwa kijana, kabla hizo simu hazijakuwepo."

"Kwa hiyo ulijua ni utani."

"Nilijua. Na sauti ya manju nilikuwa nimeisikia asubuhi ile, kabla hujaniletea."

Nilikasirika ghafla, mimi mwenye kosa, nikamuuliza kwa ukali kwa nini basi hakunizuia. Watoto walipita na ndoo, wakatuamkia, akawaitikia.

"Ningekuzuia ningelazimika kusema nimeyajuaje," akasema. "Ingeonekana namlinda mtu wa upande wangu. Miaka yote nimewaambia sina upande. Nikajiambia, huyu mwandishi kasema amepiga simu, kazi ameifanya kwa utaratibu, mimi ni nani niingize ushabiki wangu. Nikaandika alama." Akatazama mikono yake. "Nilitaka kuwa mtu wa haki, ndivyo nilivyojidanganya. Lakini niliona haya, basi. Mzee mzima, mhariri, ninaimba matusi kwenye simu."

Nami nikamwambia kwamba simu sikuwahi kupiga. Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa anajua siku zote.

Yule mama alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya chumba cha binti yake, anachambua dagaa kwenye ungo. Binti alikuwa amesimama mlangoni, amekunja mikono, na hakutukaribisha. Nilipiga goti nikasema shikamoo. Mama akaitika marahaba bila kuinua macho. Kisha mhariri akamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayo."

Mikono ya mama ikasimama juu ya ungo. Akainua kichwa, akamtazama yule mzee mwenye miwani ya uzi, akamtazama tena. Hawakuwa wamewahi kuonana.

"Hiyo sauti naijua," akasema. Akamtaja kwa jina lake la kundini.

"Ndiye mimi."

"Wewe ni wa kwetu."

"Ndiyo, mama."

"Na ndiwe mkubwa wa hilo gazeti? Na uliyasoma kabla?"

"Niliyasoma."

Alitikisa kichwa polepole, akarudi kwenye dagaa wake. Mhariri, akilia, alitoa karatasi mfukoni. Yalikuwa yale masahihisho, ameyaandika upya kwa mkono, na gazeti jingine limekubali kuyachapisha. Alimsomea neno kwa neno, kwa Kiswahili na kisha kwa Kisukuma: kwamba mama huyu hakukiri kitu, kwamba maneno yake ni ya ngoma na wahusika wote walijua hivyo, kwamba mwandishi na mhariri walikosa. Akamuuliza kama anaruhusu. Nilikuwa naomba moyoni akubali. Nilitaka yachapishwe kuliko nilivyowahi kutaka kitu, na najua sikuyataka kwa ajili yake peke yake.

"Hapana," akasema mama. "Hapa mtaani hawanijui. Wananiita bibi wa dagaa. Mkiandika kwamba sikufanya, watauliza sikufanya nini."

Mhariri aliikunja karatasi mara nne. Hakubishana. Nilifungua mdomo nimsihi, akanishika mkono akanizuia.

Tulikaa. Binti alileta maji, nadhani kwa ajili ya adabu tu. Mama alimaliza ungo mmoja, akavuta mwingine, huku akitusimulia nyumba ilivyoungua na ile picha ya mumewe ilivyokwenda nayo. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, kana kwamba anauliza habari za ndugu:

"Kundi bado lipo?"

"Lipo."

"Binti yangu alinitoa. Wanasemaje siku hizi? Ngoma zinakaribia."

Mhariri alisita. "Wanatumiana salamu, mama. Asubuhi njema. Mbarikiwe. Na picha za maua."

"Na upande wa pili? Hawatukani?"

"Hawatukani."

"Hata manju?"

"Hata yeye. Wote wanaogopa kuandikwa."

Mama aliweka chini dagaa waliokuwa mkononi. Habari za nyumba alikuwa ametusimulia macho makavu, na za picha ya mumewe pia. Sasa alijifunika uso kwa ncha ya kanga, mabega yakaanza kutikisika, na binti yake akatuomba tuondoke.